Sura ya Sita: Kwa Nini Huyu, na Si Ndugu Yake?

Kangara haina siri katika vilima vya Gusii. Sukari nguru, mara nyingi ile inayotoka kwenye viwanda vidogo vya miwa vya Mugirango Kusini, huyeyushwa majini na kutiwa hamira, kisha pipa hufunikwa likaachwa lichache kwa siku kadhaa. Baadaye hupelekwa karibu na mto, ambako maji ya kupozea mvuke hayakosekani, na kinachotona mwisho wa bomba ni chang'aa. Chifu humwaga mapipa, polisi huharibu mitambo, na muda si muda moshi huonekana tena bondeni. Serikali iliipiga chang'aa marufuku mwaka 1980. Mwaka 2010 Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la sheria ya Mututho, iliondoa marufuku hiyo kwa sharti kwamba kinywaji hicho kitengenezwe kwa leseni na kuuzwa kwenye chupa iliyozibwa. Ile ya mtoni haikupata leseni wala chupa.

Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu pipa. Sura hii inamhusu mnywaji, na hasa swali ambalo watu huulizana kwa sauti ya chini matangani, iwe Keroka, Ogembo au Kebirigo. Wavulana wawili ni wa mama mmoja. Walikula chungu kimoja, wakasoma shule moja, wakaonja pombe mwaka mmoja kwa jirani mmoja. Mmoja leo ni mwalimu, naye hunywa bia mbili Krismasi akatosheka. Mwingine ndiye aliyezikwa. Kwa nini huyu, na si ndugu yake?

Majibu matatu husikika. La kwanza ni kwamba amerogwa, au kuna deni la mababu ambalo halijalipwa. La pili ni kwamba ukoo ule ni wa walevi tangu zamani. La tatu, ambalo mara nyingi hutoka kwa watu waliosoma na wenye dini, ni kwamba alikosa msimamo: angetaka kuacha angeacha, kama ndugu yake alivyoweza. Kati ya hayo matatu, naamini la tatu ndilo lililoleta madhara makubwa kuliko yote, kwa sababu linaonekana la busara. Mtu aliyerogwa huonewa huruma na kutafutiwa tiba. Mtu asiye na msimamo huachwa.

Tuanze na hesabu ambayo hutajwa mara chache. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta kwamba Mkenya 1 katika kila 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa mtumiaji wa pombe wakati huo. Wengi wa hao si waraibu na hawatakuwa. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliwachukua watu wote waliowahi kutumia kilevi fulani hata mara moja, wakahesabu ni wangapi walioishia kuwa watumwa wake. Kwa tumbaku walikuwa 32 katika kila 100. Kwa heroini walikuwa 23, kwa kokeini 17, kwa pombe 15 na kwa bangi 9. Hesabu za Marekani si hesabu za Bomachoge, lakini jambo lenyewe limeonekana kila lilipotafutwa: kilevi hupita kwa watu wengi na kunasa baadhi yao. Anayesema pombe humharibu kila mtu huwapoteza vijana mapema, maana wanawaona kwa macho yao wanywaji wasioharibika. Na anayesema haina neno kwa mwenye akili timamu, huyo huwapoteza wale kumi na tano.

Je, walionaswa ni wale waliokunywa zaidi? Ndivyo tunavyodhani. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, likiongozwa na Pier Vincenzo Piazza, lilichapisha jaribio ambalo kila anayezungumzia uraibu anapaswa kulijua. Panya wa aina moja, waliokula chakula kimoja katika maabara moja, walizoezwa kujipa kokeini wenyewe kwa takriban miezi 3. Kisha watafiti wakaangalia mambo matatu. Je, panya anaendelea kuitafuta dawa hata akionyeshwa kwamba haipatikani? Yuko tayari kuhangaika kiasi gani ili aipate? Na ataendelea kuichukua hata kama kila mara anapigwa shoti ya umeme? Panya 17 hivi katika kila 100 walionyesha tabia zote tatu. Waliokuwa hawana hata moja walikuwa zaidi ya mara mbili ya hao. Na makundi hayo mawili yalikuwa yametumia kiasi kilekile cha kokeini. Panya hana dini aliyoiasi wala wazazi aliokataa kuwasikiliza, hata hivyo tofauti ilikuwepo, na ilikuwa ndani ya ubongo.

Ndani ya ubongo ni wapi? Chini, karibu na shina la ubongo, kuna kikundi kidogo cha neva zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini na kuipeleka mbele, kwenye sehemu zinazoshughulika na thawabu, kumbukumbu na maamuzi. Kwa miaka mingi, tangu James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill walipogundua mwaka 1954 kwamba panya atabonyeza swichi bila kuchoka ili sehemu fulani za ubongo wake zichochewe kwa umeme, watu waliziita neva hizo neva za raha. Jina hilo limepotosha. Wolfram Schultz, aliyefanya kazi Uswisi, alirekodi neva hizo kwa tumbili waliokuwa wakipewa tone la juisi. Mwanzoni zilifyatuka juisi ilipofika. Tumbili alipokwisha kujifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, zikawa zinafyatuka kwa taa, na juisi yenyewe ilipofika zikatulia. Juisi isipokuja, zilishuka chini ya kawaida. Kazi yake kubwa, basi, ni kufundisha: hapa umepata zaidi ya ulivyotarajia, kumbuka mahali hapa, rudi.

Ndizi mbivu hufundisha namna hiyo mara chache tu, kisha matarajio yanalingana na utamu wake na somo linaisha. Kilevi hakifuati utaratibu huo. Huzichochea neva hizo kwa nguvu ya kemikali, iwe mnywaji amepata zaidi ya alivyotarajia au la, na somo linarudiwa kila jioni kana kwamba ni jipya. Terry Robinson na Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha matokeo yake: hamu hukua huku raha ikipungua, kwa kuwa ni mifumo miwili tofauti ya ubongo. Ndiyo maana mtu aliyelewa kwa miaka mingi atakwambia kwamba chang'aa haimpendezi tena, inamuunguza, anaichukia, na saa 12 jioni utamkuta palepale kwa mama pima, muuzaji wa chang'aa. Hakudanganyi. Yote mawili ni kweli kwake.

Kasi nayo ina uzito mkubwa hapa, na ndiyo tofauti kati ya zamani na sasa ambayo wazee wa Gusii huisema bila kuhitaji maabara. Pombe ya wimbi ilinywewa kwa mirija mirefu, wazee wameuzunguka chungu kimoja, kwa saa nyingi, tena ilikuwa nusu chakula. Kileo chake kilikuwa kidogo na kilifika kwenye damu polepole. Chang'aa imekenekwa; nguvu yake ni mara kadhaa ya pombe hiyo ya wimbi, na mtu asiyekula tangu asubuhi huimaliza glasi kwa dakika moja akiwa amesimama. Kadiri kilevi kinavyoufikia ubongo haraka, ndivyo somo linavyoandikwa kwa kina. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya jani la koka linalotafunwa na wakulima wa Andes kuwa jambo moja, na kokeini inayovutwa kama moshi kuwa jambo lingine kabisa.

Sasa turudi kwa ndugu wawili.

Waliosema ukoo ule ni wa walevi hawakukosea. Katika ndoa ya Kigusii ya kimila kulikuwa na esigani, mshenga aliyetumwa kuchunguza nyumba ya upande wa pili kabla ng'ombe hawajatoka zizini: je, wana uchawi, wana ugonjwa, ni watu wa namna gani? Alifanya kwa desturi jambo ambalo Donald Goodwin alilifanya kwa takwimu mwaka 1973, alipochunguza wanaume wa Denmark waliotengwa na wazazi wao wakiwa wachanga na kulelewa na familia nyingine. Wale ambao mzazi wao wa damu alikuwa mlevi walikuwa na uwezekano wa karibu mara 4 wa kuwa walevi wenyewe, ingawa hawakuwahi kuishi na mzazi huyo. Tafiti nyingi za mapacha zilizofuata zimekadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya ulevi hutokana na urithi.

Nusu, si yote. Wala hakuna jeni moja ya ulevi inayoweza kutafutwa kwa kipimo cha damu. Ni mamia ya tofauti ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo. Ndugu wa tumbo moja hushirikiana takriban nusu tu ya tofauti hizo, kwa hiyo mwalimu na marehemu hawakuzaliwa na ubongo mmoja hata kama walizaliwa na mama mmoja.

Mojawapo ya tofauti hizo inaonekana kwa macho, nasi tunaisoma kinyume. Marc Schuckit wa San Diego aliwapa vijana wa kiume kiasi sawa cha pombe, akapima walivyolewa: kuyumba, maneno, hisia zao wenyewe. Kisha akawafuatilia kwa takriban miaka 10. Miongoni mwa vijana ambao baba zao walikuwa walevi, wale walioonekana kutosikia pombe sana ndio walioharibika: 56 katika kila 100 walikuja kuwa walevi. Kwa wale waliolewa upesi walikuwa 14 tu. Pale sokoni Daraja Mbili au Suneka, kijana anayemaliza glasi nne na kurudi kwao akitembea wima husifiwa na rika lake. Huyo mwingine anayetapika baada ya glasi ya pili huchekwa, na aibu hiyo pengine humwokoa. Mwili wa wa kwanza haumpi onyo lolote. Anahitaji kunywa zaidi ili ajisikie sawa na wenzake, na kila glasi ya ziada ni funzo zaidi kwa zile neva za dopamini. Mzazi mwenye historia ya ulevi katika ukoo wake akisikia kwamba mwanawe ana kifua cha pombe, asikubali sifa hiyo.

Urithi, hata hivyo, hauna la kufanya pasipo glasi. Gusii ni nchi ya Wasabato wa Nyanchwa na Wakatoliki wa Nyabururu, na katika nyumba nyingi za Kisabato pombe haiingii mlangoni kabisa. Humo wamo watu ambao wangekuwa walevi wa kupindukia, nao hawatajua kamwe. Watafiti wa Uholanzi waliolinganisha mapacha mwaka 1999 waliona jambo hilo katika takwimu: urithi ulikuwa na nguvu ndogo zaidi katika kuamua nani ataanza kunywa miongoni mwa waliolelewa kidini, hasa wasichana, kuliko miongoni mwa wengine. Hii ni sifa halali ya kanisa na naitoa kwa moyo wote. Lakini ina upande wake mzito. Kijana huyo anapoondoka kwao kwenda chuoni au kutafuta kazi Nairobi, anaondoka na hatari ambayo nyumba yake iliifunika bila kuiondoa. Akianguka, kanisa lilelile humwona mwasi, kwa kuwa wenzake waliolelewa naye hawakuanguka.

Halafu kuna umri, na hapa desturi yetu inahitaji kuangaliwa kwa uaminifu. Msimu wa jando wa Novemba na Desemba huchukua wavulana wa Kigusii wakiwa wadogo, wengi wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 12. Wanatoka humo wakiambiwa kwamba wao si watoto tena. Moyo wa desturi hiyo ni mwema, na si wajibu wa mwandishi wa sayansi kuibomoa. Lakini gamba la mbele la ubongo, lile linalopima kesho dhidi ya leo na kuuzuia mkono usifanye unachokitamani, halikomai kabla ya miaka ya ishirini na kitu, wakati mfumo wa thawabu unawaka kwa nguvu zote tangu balehe. Mvulana wa miaka 12 anayeambiwa ni mwanamume, akakaribishwa na vijana wakubwa waonje pamoja, ana hamu ya mtu mzima na kizuizi cha mtoto. Bridget Grant na Deborah Dawson waliripoti mwaka 1997, kutokana na uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 40,000, kwamba waliowahi kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, karibu 40 katika kila 100 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Waliongoja hadi miaka 20 au zaidi walikuwa karibu 10. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba walioanza mapema walikuwa na matatizo mengine tayari. Hata ukiliondoa hilo, miaka ile mitano ya kungoja ina thamani kuliko mahubiri mengi.

Nyumba ya kupikia pombe hukusanya hatari hizi zote chini ya paa moja. Mara nyingi mpishi ni mong'ina, yaani mama wa makamo, aliyefiwa au aliyeachwa, anayelipa karo kwa pesa za chang'aa, na sioni sababu ya kumhukumu kabla ya kumwonyesha kazi nyingine. Lakini mtoto wake hupima glasi, huonja, hulala huku watu wazima wakigombana nje ya pazia, huona baba wa rafiki yake akibebwa. Uchunguzi wa Vincent Felitti na Robert Anda uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliwauliza watu wazima kuhusu mateso ya utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi au mfungwa. Waliopitia aina 4 au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyozidi ya wengine kwa mara 4 hadi 12. Mfumo wa mwili wa kukabili msongo, ukiwashwa mfululizo utotoni, hujipanga upya kwa dunia ya hatari. Mtu wa namna hiyo hakunywa kwa mara ya kwanza akatafuta furaha. Alipata utulivu ambao wengine huamka nao bure.

Na kuna ardhi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 950 katika kila kilomita moja ya mraba, Nyamira karibu 675. Shamba la babu lililotosha chai, migomba na ng'ombe wawili limegawanywa mara tatu, na kijana wa leo anarithi vipande ambavyo havitoshi kujenga na kulima kwa pamoja. Bila ardhi ndoa inachelewa. Bila ndoa hapewi nafasi ya kusema mbele ya wazee. Je, cheo cha mtu kinaweza kufika kwenye neva? Mwaka 2002 Drake Morgan, Michael Nader na wenzao wa Wake Forest, Marekani, walipima vipokezi vya dopamini katika ubongo wa tumbili waliokaa kila mmoja peke yake. Hawakuwa na tofauti ya maana. Kisha wakawaweka wanne wanne, na katika miezi 3 wakubwa na wanyonge wakajitokeza. Vipokezi vya wakubwa viliongezeka. Vya wanyonge havikuongezeka, na hao wanyonge ndio waliojipa kokeini kwa bidii, wakati kwa wakubwa haikuwa na mvuto wa kutosha. Binadamu ana mambo mengi kuliko tumbili, na sidai kwamba hati ya shamba ni dawa. Nadai kwamba kijana aliyeketi ukutani Nyansiongo tangu asubuhi bila kazi anabeba unyonge wake mwilini, na kumwambia awe na msimamo ni kumwomba alipe kwa kitu alichonyang'anywa.

Neno fupi kuhusu bangi, kwa kuwa barabara ya kutoka Isebania kupitia Migori hadi Kisii huileta kwa urahisi, na wengi wa vijana huiona salama kuliko chang'aa. Kwa walio wengi haitaua. Lakini katika utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 1987, uliowafuatilia wanajeshi wapya zaidi ya 45,000 kwa miaka 15, wale walioripoti kuivuta zaidi ya mara 50 walikuwa na hatari ya skizofrenia mara 6 ya wasiowahi kuivuta. Hapa pia ukoo una neno: nyumba ambayo imewahi kuwa na mgonjwa wa akili haipaswi kuichezea hata kidogo.

Tuseme sasa kijana ameingizwa kituo cha kurekebisha tabia, familia imeuza ng'ombe, amekaa miezi 3 na anarudi mnene, anasali, anacheka. Watu husema amepona. Siku ya nne yuko kwa mama pima. Hasira ya familia naielewa, lakini jambo hili lilitabirika. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2001, Jeffrey Grimm, Yavin Shaham na wenzao waliona kwamba hamu inayoamshwa na ishara za kokeini, kama taa au mlio uliokuwa ukiambatana nayo, haikupungua panya walipokaa bila kuitumia. Iliongezeka kwa wiki nyingi. Njia ya kwenda mtoni, harufu ya kangara, mlio wa boda boda ya rafiki fulani, siku ya bonasi ya chai: kila moja ni ile taa ya Schultz. Kituoni hazikuwepo. Nyumbani zote zinamngoja. Askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971 walionyesha upande wa pili wa ukweli huu. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini au afyuni akiwa vitani, na Lee Robins aliyewafuatilia akakuta kwamba ni karibu 12 tu katika kila 100 ya waraibu hao waliorudia uraibu ndani ya miaka 3. Walikuwa wameacha nyuma mahali pazima, vita na marafiki na harufu zake. Kijana wa Marani hurudishwa Vietnam yake kila anapotoka kituoni. Kama ana shangazi Narok au kaka Nakuru anayeweza kumpokea kwa miezi michache, na kazi ya mkono ikapatikana huko, msaada huo una maana kubwa kuliko mwezi wa nne wa kituo.

Tiba zipo, nazo si za ajabu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa mbili za kupunguza hamu ya pombe, naltreksoni na akamprosati, katika orodha yake ya dawa muhimu. Huko Eldoret, Rebecca Papas na wenzake waliwafundisha Wakenya wasio wataalamu wa saikolojia kutoa ushauri wa kitabia kwa wagonjwa wa VVU wanaokunywa. Katika jaribio la watu 614 lililochapishwa mwaka 2021, unywaji ulipungua zaidi kwa waliopata ushauri huo kuliko kwa waliopata masomo ya kawaida ya afya. Eldoret si mbali. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti afya, leseni za vileo na udhibiti wa dawa za kulevya, yote matatu kwa mkono mmoja. Bunge la kaunti inayopokea ada ya baa halina kisingizio cha kukosa washauri wachache katika kila kaunti ndogo, Kisii wala Nyamira.

Kuna jambo moja lisiloweza kungoja bunge lolote. Mtu anayekunywa sana kila siku, anayeamka akitetemeka na lazima azimue asubuhi, vijana husema atoe lock, ubongo wake umejirekebisha kuishi na pombe. Umejaza vichocheo ili kushindana na usingizi wa kileo. Pombe ikiondolewa ghafla, vichocheo vinabaki bila mpinzani: jasho, moyo kwenda mbio, degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kwa baadhi, kati ya siku ya pili na ya nne, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Wapo wanaofungiwa chumbani kwa upendo ili waache, na wapo wanaowekwa kwenye mfungo wa maombi wakiwa katika hali hiyo, na wengine hawatoki hai. Maombi hayakatazwi, lakini yafuate hospitali. Ikiwa unaye mtu kama huyo nyumbani, usimfungie, usimnyime ghafla, na usimwache aende peke yake. Mpeleke Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ile ya Rufaa ya Nyamira, au hospitali yoyote iliyo karibu nawe, useme wazi amekunywa kiasi gani na kwa miaka mingapi, umwombe daktari dawa ya kutuliza mtetemeko na vitamini B1 kabla ya kitu kingine chochote. Fanya hivyo leo.